Chini ya Lebo

...maana chupa haijinywei yenyewe, nimeiinua kwenye mwanga wa tundu la turubai, insulini imeshuka hadi chini ya lebo, ilhali kwa hesabu yangu, nami hesabu nimeifundisha chuo kikuu hadi nikastaafu, ingepaswa bado kuwa juu yake, barabara imekatwa na mapigano, gari la zahanati haliji kambini, kila tone ni uhai wangu, na tunaojua ninapoificha, ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa ili joto lisiiharibu, ni mimi na mkwe wangu tu... mwanangu alibaki nyuma, mkewe akabaki nami, labda kwa kukosa pa kwenda... sindano iko mkononi, dawa nimeshaivuta, yeye yuko nje anafua, anaongea na jirani, nikikohoa sauti inashuka, kwa nini ishuke?... na ile chai ya juzi, tamu kupita kiasi, "Kunywa, baba, imalize yote," amenisimamia kama askari, mgonjwa wa kisukari anatiliwa sukari, huo si upendo, huo ni mpango, dawa iuzwe, mwenye dawa azikwe... ingawa nilikuwa natetemeka, jasho linanitiririka, na baada ya chai nikatulia, jambo ambalo sikuliingiza kwenye hesabu... "Si umwambie tu?" jirani anasema, "Nimwambie nini, dada, nikifungua mdomo mimi ndiye mwizi, juzi alijidunga, akasahau, namkuta ameshajidunga tena, sukari mwilini imemshuka, nikakimbilia ile sukari uliyonipa," "Profesa mzima! Na mahesabu yake yote?" wanacheka, kisha yeye hacheki tena, "Naogopa, dada"... uongo, mwizi lazima ajitetee... lakini dozi zikirudiwa, dawa inafika pale pale, chini ya lebo, na jasho linapata sababu yake, na chai pia, hesabu yake haiachi baki, yangu inaacha baki, mtu mzima ambaye sikumhesabu... basi mwizi nimempata, vidole vyake ndivyo hivi vinavyoshika chupa... na sindano hii, je, ni ya kwanza leo?... natazama tumbo, kuna kidoa cha damu, cha leo au cha jana, nakigusa, hakisemi... "Mkwe," naita, sindano bado iko hewani, "hebu njoo, mwanangu... leo nimeshajidunga?"