Mlango wa Bibi Josepha

Walikuja vijana wawili wa chuo, binti na mvulana, wapole, wakavua viatu barazani bila kuambiwa. Walitaka niwaeleze ushujaa wa marehemu mume wangu, Lukumani, aliyepigia picha gazeti hapa Tabora zamani. Nikawaambia Lukumani alikuwa anaogopa ng'ombe. Akimwona njiani anashuka kwenye baiskeli, anampisha kama mkwewe. Wakacheka, lakini hawakuandika.

"Bibi, tunaulizia ile picha ya mlango," akasema yule binti. "Tunasikia mzee alikataa amri ya mkubwa."

Hakukataa. Hata hakuwepo nyumbani. Ilikuwa hivi.

Mwaka wa sabini na nne watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa, na gazeti la Dar es Salaam likataka picha za watu wenye furaha. Lukumani alikuwa amejifunza kazi kwa Mzee Kanji, mwenye studio pale Gongoni. Kanji ndiye aliyempa kamera, tena kila mwezi alituletea dawa za kusafishia picha, akisema zimemzidia, ingawa chupa zenyewe zilikuwa hazijafunguliwa. Chumba chetu cha giza kilikuwa stoo ya mkaa hapa Ng'ambo. Yeye alipiga, mimi nilisafisha, maana mikono yake ilikuwa ya jasho, anaacha alama za vidole kwenye nyuso za watu.

Siku hiyo alitumwa kijiji kipya, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Bwana Modest, mkubwa kutoka wilayani, alikuwa anakwenda kulima ili apigwe picha. Alifika na suruali iliyopigwa pasi, akaomba jembe lisilo na udongo.

Kijiji hakikuwa na meza ya kulishia mgeni, basi wakalaza mlango wa Bibi Josepha juu ya magogo. Babu yake Josepha alikuwa mpagazi. Wenzake walirudi kutoka pwani na nguo na shanga. Yeye alirudi na mlango wa nakshi kichwani, miezi mitatu njiani, na nyumba ya kuutia hana. Walimcheka mpaka anakufa. Josepha alipohamishwa aliacha kinu, akaacha kitanda, akaja na mlango.

Bwana Modest alipomaliza kuku, akapangusa mchuzi, akaona nakshi.

"Mali kama hii ni ya wote," akasema. "Itatunzwa wilayani."

Wilayani maana yake sebuleni kwake. Hata kuku aliyeliwa angejua.

"Iwe ya wote hapa hapa, baba," akasema Josepha. "Na mimi ni mmoja wa hao wote."

Bwana Modest akaenda kulima, na Lukumani akapiga. Picha iliyotoka vizuri ni moja tu. Mbele, Bwana Modest ameinua jembe, makali yanatazama mbinguni. Nyuma yake wanaume wawili wanasukumia mlango ndani ya Landrova, na Josepha ananing'inia upande wa pili, miguu haigusi chini.

"Umepiga na huko nyuma?" Bwana Modest akauliza.

"Kamera haina pazia, mzee."

Landrova ikaondoka na mlango. Josepha akamfuata Lukumani mpaka penye baiskeli yake. "Mwanangu, hiyo picha yako inaweza kunirudishia mlango wangu?"

"Picha haina mabega, bibi," akamjibu. Jibu hilo lilimsumbua. Aliporudi nyumbani hakula.

Kesho yake alikwenda msibani Cheyo, akaniachia mkanda wa picha. Mara akapiga hodi Nassibu, dereva wa Bwana Modest.

"Shemeji, mkubwa anasema ile picha ya jembe isafishwe kabla haijapanda treni."

"Ndiyo nataka kuanza."

"Kasema isafishwe vizuri. Karudia mara tatu."

"Kwani nani kamwambia nasafisha vibaya?"

"Mimi dereva tu, shemeji." Akanywa uji wangu, akasuuza kikombe mwenyewe, akaenda zake.

Mimi neno hilo nililijua kwa maana moja. Kusafisha picha ni kuitoa kwenye mkanda, kuiosha kwa dawa, kuianika kambani. Kumbe Bwana Modest alitaka Josepha afutwe pichani. Nikafungua chupa mpya ya Kanji, nikabadilisha maji mara nne. Tangu niolewe sijasafisha picha namna ile. Misumari ya mlango ungeweza kuihesabu, na meno ya Josepha pia, yote mawili. Nikaipeleka stesheni kwa miguu yangu.

Lukumani akarudi. "Mama Zamda, picha iko wapi?"

"Imepanda treni. Mkubwa kaagiza isafishwe vizuri, nami nimeisafisha."

Akakaa juu ya ndoo. "Tumekwisha," akasema, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akaipeleka kamera kwa Kanji, ili wakija kumchukua wasiikute. Kanji akaizika kwenye gunia la dengu.

Tukasubiri siku tisa. Gazeti likaja, picha ukurasa wa mbele. Huko Dar es Salaam nadhani hawajawahi kuona mtu akiiba mlango, maana chini yake waliandika: "Kiongozi ashika jembe, wenzake wamsaidia bibi kizee kuhamishia mlango wake nyumba mpya."

Bwana Modest akapata simu ya pongezi kutoka juu. Akaambiwa wageni watakuja kumwona huyo bibi na nyumba yake. Na nyumba haikuwepo, na mlango uko sebuleni.

Siku ya tatu Landrova ilirudi kijijini na mlango, na fundi Raymundi, na watu wa kukanda udongo. Mlango ulikuwa mkubwa kuliko nyumba zote za pale, ikabidi kuta zipandishwe kuufuata. Josepha, aliyeahidiwa kijumba tu, akapata kasri.

Lukumani aliitwa kupiga picha, akaifukua kamera kwenye dengu. Nikapanda nyuma ya baiskeli, nimwone huyo Josepha niliyemwosha mara nne. Tulikuta Raymundi anatia bawaba, na mlango mzito.

"Shika hapo, baba," Josepha akamwambia Bwana Modest. "Usiegemee nakshi."

Akashika. Nitasema nilichokiona, maana na yeye ni mtoto wa mtu: alitoka jasho, alichubuka bega, hakuuachia. Josepha alipomletea maji aliyapokea kwa mikono miwili.

Picha ya siku hiyo haipo. Upande wa pili wa mlango ulianza kuteleza, na Lukumani akanivisha kamera shingoni, akaenda kutia bega.