Alichomwambia Mama Mkwe

Tangu Elieth arudi kutoka Dar es Salaam alikopasuliwa shingo, watu wa nyumba yake ya Makole walitembea kwa kunyata. Gari la wachuuzi wa mitumba lilipinduka naye akitoka mnadani, na madaktari wakaziunga pingili mbili za shingo kwa kipande cha mfupa kilichochukuliwa nyongani. Upasuaji ulikwenda vizuri. Ganzi ya mikono iliisha, vidole vikaweza tena kushika kikombe. Ila kichwa! Maumivu yalianzia kisogoni, yakapanda polepole mpaka nyuma ya jicho la kulia, yakaweka kambi. Siku nyingine misuli ya shingo na mabega ilikaza ghafla, naye akabaki amesimama palepale, hawezi kugeuka wala kuita mtu.

Aliyemuuguza ni mama mkwe wake, Mama Loisi, aliyeacha shamba lake Mvumi wakati wa palizi. Fabian, mumewe Elieth, alikuwa karani bungeni na alishinda kazini. Mama Loisi ndiye aliyemwogesha, akamvalisha, akamkanda mabega kwa kitambaa cha maji moto. Hakuwahi kunung'unika.

Jumamosi moja mchana Elieth alikuwa amelala chumbani, kitambaa kibichi usoni. Uani, Mama Loisi alikuwa akitwanga karanga za kuungia mboga. Kila pigo la mchi lilimwingia Elieth kisogoni.

"Mama, basi," aliita, lakini sauti haikufika.

Akajikokota kwa kushika ukuta mpaka mlangoni.

"Hebu acha! Umetumwa uje kunimaliza? Kama umechoka kuniuguza, si urudi kwenu!"

Mwantum, jirani yao, alikuwa akianika nguo. Akainamisha uso kwenye beseni. Mama Loisi aliulaza mchi chini taratibu.

"Sikujua kichwa kinakuuma, mwanangu," akasema.

Kesho yake, baada ya ibada, alimwaga mwanawe. Shamba limeota majani, alisema, asipowahi atavuna magugu. Fabian akaamini. Elieth alikuwa amekaa hapo hapo, na kwa mara ya kwanza aliishukuru shingo yake kwa kutogeuka, maana hakulazimika kumtazama yule mama akifunga kibwebwe.

Siku zilizofuata Fabian aliamka alfajiri kupika kabla ya kazi. "Mama ana moyo," alisema akikoroga uji. "Mvua zote hizi, na bado anawaza shamba." Elieth akainywa aibu yake pamoja na uji.

Ndipo Mwantum alipokuja kumjulia hali.

"Zile karanga ulikula?" akauliza.

"Nilikula jioni ile. Kwa nini?"

"Alijitwisha kinu chenu mpaka nyumba ya mwisho kule mtaani, akamalizia huko. Nilitaka kumpokea, akakataa."

Elieth akaikumbuka jioni ile. Alikuwa amekula mboga ile, tena akaomba kuongezwa.

Akaamua kumfuata mama mkwe wake Mvumi. Fabian alipomkataza safari, alisema amekumbuka hewa ya Mvumi. Akapanda kiti cha mbele cha gari la abiria, kola ya hospitali shingoni, kanga imeviringwa nyuma ya kichwa. Mvua za El Nino zilikuwa zimeichimba barabara vibaya. Kila shimo lilimpanda mpaka jichoni. Mbaya zaidi, moyoni alifurahi kuumia, kana kwamba mashimo yale yangemwombea msamaha.

Alimkuta Mama Loisi shambani, kati ya mistari ya uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekujaje na shingo hiyo?"

"Mama, siku ile—"

Misuli ikakaza. Bega lilipanda mpaka sikioni, machozi yakamtoka. Mama Loisi akatupa jembe, akamshika, akamketisha kivulini, vidole vyake vikatafuta lile fundo chini ya kisogo.

"Nyamaza. Usiseme kitu, pumzika."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Elieth aliona wazi kwamba maumivu yanamfungulia mlango wa kutokea, kama yalivyomfungulia siku zote tangu apasuliwe.

"Hapana, mama. Nisikingwe na ugonjwa. Nilikutukana. Kichwa kiliuma, lakini maneno yalikuwa yangu. Na Fabian nilimwacha aamini ni shamba."

Vidole vilisimama.

"Uliniumiza," Mama Loisi akasema. "Mbele ya jirani. Nilizaa watoto saba, hakuna aliyewahi kuniambia nirudi kwetu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini Makole sirudi sasa. Moyo wangu nao unauma, unahitaji siku zake." Vidole vikaanza tena kukanda. "Na kichwa kikianza, sema mapema. Usingoje kikusemee."

Jioni Elieth alirudi, akamweleza Fabian yote. Fabian hakupaza sauti. Alitoka nje, akakaa barazani peke yake, na kwa siku kadhaa alimsemesha mkewe kwa maneno ya lazima tu. Elieth hakujitetea.

Kichwa hakikuacha kuuma. Alijifunza kusema, "Kimeanza," na kwenda kulala kabla hakijamfikisha kwenye ukali. Alimwendea Mwantum naye, akamwambia mbele ya majirani wengine kwamba siku ile alimkosea mama mkwe wake.

Baada ya mavuno Mama Loisi alikuja Makole na kiroba cha uwele. Alikaa siku tatu, akasema zinatosha.