Yowe la Morotonga

Mume wangu Wangwe ni mtu mwema, ila ukimnyang'anya simu utadhani umemkata kiganja.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka Morotonga. Nilikuwa nachota maji pipani, sikusikia kishindo chochote. Nilipoinua kichwa, tembo walikuwa ndani ya mtama wetu, wakubwa kuliko nyumba, wanapita taratibu kama wageni waliokaribishwa. Mimi nimeolewa hapa kutoka Kemambo, tembo nilikuwa nawasikia tu kwa watu. Sikutaka kuondoa macho.

Lakini ng'ambo ya shamba, kwenye kibanda cha kuwingia ndege, alikuwemo mama mkwe wangu, Mokami. Miguu yake haikimbii tena. Tembo walikuwa kati yake na sisi, na walikuwa wanaelekea kwake.

Wangwe alikuwa ameshainua simu. Alirekodi, akairusha video kwenye grupu la ulinzi la kijiji, ambalo yeye ndiye admini, akaniambia nitulie, majirani watakuja. Nikachungulia. Makopa mekundu yalikuwa yanamiminika. Mmoja kampongeza kwa utalii wa bure. Mwingine kamwomba asogee, picha haionekani vizuri. Na yeye, mtoto wa kuzaliwa na Mokami, akasogea akaendelea kurekodi.

Zamani hapa mtu alipiga yowe, na asiyekuja alitengwa. Tangu grupu lianze sikuwa nimesikia yowe hata moja. Nani angeitika sasa, tena sauti ya mtu wa kuja? Nilipiga hivyo hivyo, kiganja mdomoni.

Ng'ambo ya kijito mwanamke akalipokea. Mwingine akalipokea kilimani, na mwingine, mpaka likazunguka Morotonga yote, nywele zikanisimama. Watu wakatoka ukunguni na madebe na sufuria, wakajipanga upande wa kibanda wakigonga. Hata yule wa utalii wa bure alikuja, anahema. Tembo mkubwa akatandaza masikio, akasimama kama anayesikiliza mahubiri. Halafu akageuka, wenzake wakamfuata kurudi porini, taratibu vilevile. Mpaka leo sijui kilichonishangaza zaidi ni tembo au ni wale watu.

Tulimtoa mama kibandani. Akapokea shikamoo za kila mtu, akauliza ni nani aliyeita. Wakanionyesha mimi. Alinishika mkono na hakuuachia.

Wangwe naye akaleta simu amwonyeshe. Mama alitazama mpaka mwisho, akakubali kwamba tembo wamependeza.

"Na mimi niko wapi hapo, mwanangu?"

Wangwe akairudisha video nyuma, akaipeleka mbele, akairudisha tena. Kibanda hakikuwemo.