Usingizi Uliomkalia Stamatia

Stamatia alikuwa na kilo mia mbili na arobaini, na magauni yake ya zamani yalimtosha vilevile. Harusi ya bintiye ilikuwa Jumapili, wiki tatu mbele. Mama wa bibi harusi ndiye huongoza ngoma ya duara, na ukumbi wa mji ule una sakafu ya mbao. Sakafu ile isingemmudu.

Uzito ulianza pale kiwanda cha zeituni alikofanya kazi kilipofuta mapumziko ya mchana. Zamani wanawake walirudi nyumbani saa nane, wakala dengu na samaki, wakafunga madirisha, wakalala. Jioni mkate na jibini, basi. Sasa walifanya kazi mfululizo, wakitafuna kipande cha mkate wamesimama. Mlo wenyewe waliula saa tano usiku, wakaingia nao kitandani.

Stamatia alivunja kiti, kisha kitanda. Barabarani nyayo zake zilizama kwenye lami. Mvua ikazijaza, paka wakanywa humo. Pantelis, msimamizi wa kiwanda, alimpima kwenye mizani ya mapipa.

"Punguza kula, Stamatia."

"Nipunguze nini? Nala mlo mmoja!"

"Basi punguza huohuo."

Akapunguza. Akaongezeka kilo saba.

Bi Asimina, mama mkwe wake, alimtazama akishuka ngazi huku ukuta ukitoa vumbi.

"Mwanangu, huo si mwili. Huo ni usingizi wako wa mchana. Umeunyima kitanda, umekukalia mabegani. Na wewe kila usiku unaushindilia tambi!"

"Sasa niache kazi, mama, nikalale?"

"Nani kasema uache? Chukua likizo. Ule mchana, ulale kama Mkristo."

Stamatia akachukua likizo. Kila siku saa nane alikula akashiba, akafunga madirisha. Mtaa mzima ulishusha sauti, maana saa ile hata muuza matikiti huzima kipaza sauti chake. Alipolala, godoro liliinuka polepole kama unga uliotiwa hamira. Jioni alikula mkate na jibini, jua likiwa bado juu ya paa. Ijumaa ya kabla ya harusi aliingia bandani, na kuku hawakumsikia.

Siku ya harusi alishika kitambaa akaongoza duara. Mbao hazikulia. Pantelis alikuwa wa tatu kwenye mstari, anahema.

"Umekuwa mwepesi hivi, umefanyaje?"

"Nimelala mchana."

"Mkilala wote, nani atajaza mitungi?"

"Tazama miguu yako, Pantelis, unatuharibia ngoma!"

Bintiye alicheka mpaka shela likamdondoka. Stamatia alizungusha duara mpaka wapiga vinanda wakaomba maji.

Jumatatu alirudi kazini. Saa zilikuwa zilezile. Kufikia Krismasi alikuwa amezidi kilo mia mbili, na wenzake pia, na sakafu ya chumba cha mitungi ikaanza kubonyea. Mwenye kiwanda alileta mafundi. Wakamwaga zege nene mahali anaposimama kila mwanamke. Likakauka vizuri, kazi ikaendelea.

Stamatia hakunung'unika. Alikuwa amemchezea mwanawe ngoma ya harusi, na watu walikuwa bado wanaisimulia ngoma ile. Ilimgharimu likizo yake yote ya mwaka: hakwenda kisiwani kwa dada yake, hakuvuna zabibu za baba yake, na baharini hakuoga hata mara moja.