Dereva wa Bendi ya Notisi

Mkwe wangu ana sauti mbili. Ya kwanza ni ile anayonisalimia nayo, ndogo, ya chini, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi kwa jirani asiyemzoea. Ya pili ndiyo iliyompa jina la Msasa, na hiyo kwa muda mrefu niliisikia kupitia ukuta tu.

Kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Bendi yao ilizaliwa kwenye karakana yake, mwaka ambao kila mlango wa mtaa wao ulibandikwa notisi: hameni, panajengwa maghala. Binti yangu, ambaye ni mke wake, alianza kwa kupiga makopo ya rangi, baadaye ndipo akapata dramu za kweli. Jirani mmoja anayetengeneza redio na simu alikuwa na gitaa, naye anaitwa Fundi Redio mpaka leo, ingawa siku hizi hakuna anayempelekea redio. Wa nne ni Mwalimu, ambaye kweli ni mwalimu, wa hesabu, na hupiga gitaa la besi amefumba macho kama anayetafuta jibu kichwani. Wakajiita Notisi.

Muziki wao unaitwa panki, na wao hupiga ile kali kabisa, ya mbio, ambayo wimbo unakwisha kabla mtu wa umri wangu hajapata pa kukaa. Waliimba mishahara ya wafagiaji. Waliimba maji yaliyokatwa, na askari waliowacharaza wachuuzi sokoni. Zaidi ya yote waliimba nyumba. Mtaa wao ulibomolewa hata hivyo, karakana ikahamia pengine, lakini bendi haikufa. Mitaa mingine iliyopata notisi ilianza kuwaita, mji baada ya mji, na wao hawakujua kukataa.

Mimi nimeendesha basi la shule maisha yangu yote, hadi nilipostaafu. Dereva wao alipopata kazi ya kudumu mahali pengine, binti yangu alikuja kwangu. Wakati ule tulikuwa tunaongea kwa shida. Alikuwa ameacha kwenda ibada tangu tulipomzika baba yake, na kila nilipoligusa jambo hilo tuliishia kununiana. Alisimama jikoni kwangu akachezea kifuniko cha birika, kisha akasema wanahitaji mtu wa kushika usukani.

"Ila sharti moja, mama," akasema. "Kwenye gari hakuna mahubiri."

Nikakubali. Afadhali kukaa kimya kando ya mwanangu kuliko kuuambia ukuta maneno mazuri.

Basi tukazunguka. Gari lenyewe ni basi dogo kuukuu lililong'olewa viti vya nyuma ili spika na dramu zipate nafasi. Binti yangu alikaa mbele pamoja nami. Msasa, kwa heshima aliyokuwa nayo kwangu, alijibana nyuma kabisa, akikumbatia spika kama mgonjwa wake. Akitaka tusimame achimbe dawa, hakuniambia mimi. Alimwambia Mwalimu, Mwalimu akamwambia Fundi Redio, Fundi Redio akamwambia binti yangu, na habari iliponifikia tulikuwa tumeshapita kichaka kilichokusudiwa.

Tulilala madarasani wakati wa likizo, au kwenye kumbi za vyama vya wafanyakazi, magodoro yamepangwa kwenye sakafu. Tulikula walichokula wenyeji wetu. Mwalimu alisahihisha madaftari ya wanafunzi garini, alama ya vyema ikaruka kila nilipoingia kwenye shimo, na mtoto fulani mahali fulani amepewa vyema yenye mkia mrefu kwa sababu yangu. Katika mji mmoja mwenye ukumbi aliogopa akafunga mlango na funguo akaondoka nazo, wakapigia nje, uani kwa kinyozi aliyewapa umeme. Binti yangu alifua fulana zao bombani asubuhi, mikono yake ina malengelenge ya vijiti, nami nikampaka mafuta bila kusema lolote. Yalikuwa maisha mazuri. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kimoyomoyo, kama tulivyopatana.

Kila mara kabla ya onyesho niliwaombea, peke yangu, nikiwa kwenye kiti changu cha dereva. Ukumbini sikuingia. Nilijaribu mara moja tu, mwanzoni kabisa. Msasa aliniona nimesimama mlangoni, na wimbo wa kuwalaani mabwenyenye ukamtoka kama bembelezo la mtoto mchanga. Watu waliuliza kama anaumwa. Mtu anayewakemea wakubwa wa mji hadharani alishindwa kupaza sauti mbele ya mama mkwe wake. Tangu hapo nikabaki nje, nikisikiliza kupitia ukuta.

Na kupitia ukuta ndiko nilikolisikia lile neno.

Ulikuwa wimbo mpya, wa mwisho katika kila onyesho. Mkwe wangu alinguruma, binti yangu akazipiga dramu zote kwa pamoja, na ukumbi mzima ukaitikia. Hatuamini! Halafu kishindo cha dramu na matoazi, kisha tena. Hatuamini! Watu wengi, kwa sauti moja, wakikanyaga sakafu hata gari likatikisika.

Nilijiambia nimesikia vibaya. Mji uliofuata nikasikia lilelile, na uliofuata tena. Mimi nimetoka kuinua mikono kumwomba Mungu awalinde, nao baada ya muda mfupi wanaimba kwamba hawaamini, na mwanangu ndiye anayekipigilia msumari kila kipande. Kuuliza nisingeweza. Binti yangu nilimpa ahadi, na mkwe wangu hata njaa yake hakunitajia, ningemwanzaje kwa jambo la imani yake? Nikakaa nalo. Nikawa mkimya, na binti yangu akadhani mgongo unaniuma, akanitafutia mto.

Asubuhi ya safari ya mji ambao niliukusudia uwe wangu wa mwisho, nilimwambia kwamba nikishawafikisha nitapanda basi nirudi nyumbani.

Akanigeukia. "Umetuchoka?"

Nikasema nimezeeka. Lilikuwa jibu la kweli lakini halikuwa jibu lake, naye alijua. Akageuza uso dirishani. Bila mimi hawakuwa na dereva, na ziara ingeishia hapo, lakini hilo hakulisema. Alisema tu kwamba tulikuwa tumeanza kuzoeana tena. Nikakaza macho barabarani kwa sababu yalikuwa yameanza kunisaliti.

Tuliwasili mchana. Palikuwa ni shule ya msingi katikati ya nyumba za mabati, na kila mlango ulikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu. Walipoingiza vyombo nilibaki garini. Mfuko wangu wa nguo niliuweka kando yangu, tayari. Niliwaombea, safari hii kwa kifupi, na muziki ukaanza.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anapita mbio kuelekea ukumbini, kitambaa cheupe cha ibada bado kichwani. Aliniona akarudi nyuma, akagonga kioo.

"Dada, wewe ndiye mama wa yule binti wa dramu? Mbona umejifungia huku kama mzigo?"

Nikasema napumzika. Akasema yeye ametoka kuomba sasa hivi, sasa anakwenda kupiga kelele, vyote viwili siku moja ndiyo namna ya kukaa na akili zako mtaa huu. Nikakitazama kile kitambaa chake. Sikuelewa mtu anawezaje kutoka kwenye sala akaenda moja kwa moja kuimba kwamba haamini. Nilimuuliza kama anaujua wimbo wao wa mwisho. Alicheka. Wanaujua wote, akasema, hata bibi yake asiye na meno anauimba. Akafungua mlango wa gari akanishika mkono, na mimi, kwa kutaka kujua, nikamfuata.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tuliingia wimbo wa mwisho ndio unaanza. Msasa alikuwa amepanda juu ya dawati, jasho linamchuruzika, mishipa ya shingo imesimama, kipaza sauti mdomoni. Akavuta pumzi ya kunguruma. Macho yake yakakutana na yangu.

"Shikamoo, mama," akasema kwenye kipaza sauti.

Muziki ukakatika. Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia, kisha vicheko. Fundi Redio aliinamia gitaa lake akitetemeka kwa kucheka. Msasa alijaribu kuanza tena, ikatoka ile sauti ya kuazima chumvi. Akajaribu tena, akakohoa, akatazama viatu vyake. Nyuma yake binti yangu alikuwa ameinua vijiti hewani, na hakuwa anacheka. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni akitaka kujua kama nimekasirika. Watu wa mtaa ule walikuwa wanabomolewa wiki ile, na wimbo wao ulikuwa umekwama kwenye koo la mtu kwa sababu yangu.

"Marahaba, baba," nikasema. "Endelea na kazi."

Kisha nikampa mgongo. Sikuwa na njia nyingine ya kumwondolea macho yangu. Niligeuka kabisa, nikaikabili ile halaiki ya watu na kumwachia jukwaa lake.

Nyuma yangu dramu zikahesabu, na ile sauti ya pili ikafumuka. Sijawahi kusikia kitu kama kile kwa karibu. Iliingia kwenye mbavu. Na kwa kuwa nilikuwa nimewaelekea watu, niliona vinywa vyao. Vilifunguka vyote kwa pamoja. Yule mwenye kitambaa cheupe alikuwa ubavuni kwangu, mdomo wake karibu na sikio langu, naye alikuwa mzito wa pumzi, akilikata neno mahali ambapo wengine hawakulikata.

"Hatuhami!" akapaza. Akameza pumzi. "Ni kwetu!"

Tena. Hatuhami. Ni kwetu. Wazee, wasichana, wanaume wenye nguo za kazi. Bendi walikuwa na haraka mno: waliliunganisha lile "ni" na neno lililolitangulia, halafu mwanangu akashusha dramu zote juu ya "kwetu", na ukuta ukaimeza ile h ya katikati, mimi nikabakiwa na Hatuamini. Niliinama. Yule mwanamke alidhani nazimia, akanishika kiuno, lakini nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, nikimwomba Mungu anisamehe masikio yangu. Mara ya mwisho ya kiitikio niliimba na mimi. Sikuzipata mbio zake, nikamaliza baada ya watu wote.

Watu walipotawanyika nilikaa kwenye benchi nje. Msasa alikuja ameushika mfuko wangu wa nguo. Sauti ilikuwa imemkauka, imebaki hewa.

"Mama, huu mfuko niupeleke stendi, au niuache garini?"

Lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Nikamwambia akae. Nikamweleza nilichokuwa nikikisikia mji hadi mji. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka bila sauti hata akafuta machozi.

"Lakini nisikudanganye," akasema. "Kuamini kwenyewe, mimi sijui. Kuna siku naamini, kuna siku nimechoka tu. Ila usiache kutuombea, mama."

"Sikuacha. Hata nilipowakasirikia niliomba, ila kwa kifupi."

Binti yangu alifika amebeba dramu ndogo kwapani, akatuona tumekaa benchi moja, akasimama. Mume wake ndiye aliyemweleza, kwa kunong'ona. Mwanangu hakucheka mara moja. Aliweka dramu chini, akauliza kama hicho ndicho kilichokuwa kinanirudisha nyumbani, hicho tu. Nikasema ndiyo. Akaja akaniegemea, kichwa begani, akaninong'oneza kwamba ningemuuliza. Nikamkumbusha tulivyopatana. Hapo ndipo alipocheka, akasema mama yake ni mtu wa kushika maneno kama polisi.

Kesho yake asubuhi tulikuwa njiani, na ugomvi ulikuwa umepamba moto. Mwalimu alitaka dramu isogezwe, ije baada ya "hatuhami", ili neno lisimame peke yake. Binti yangu alisema dramu zake hazisogezwi kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa garini. Fundi Redio akasema huyo mmoja ndiye mwenye usukani, sasa wachague. Wakaanza kupiga vifua na viti kujaribu namna zote mbili.

"Mama," Msasa akaniita kutoka nyuma, kwa hicho kisauti chake kilichobaki, "wewe unasemaje?"

Nikawaambia wanyamaze kidogo, mbele yetu kuna trela na nataka kulipita.