Hodi Msituni

Mtu asije akaniambia kijani ni rangi ya amani. Mimi ni fundi cherehani, rangi nazijua, na kijani tumekosana.

Mume wangu, ambaye ni fundi bomba, alisema Jumapili twende hifadhi ya msitu wa mvua, familia nzima, tupande hadi kwenye maporomoko. Nikasema kama ni familia basi tuvae sare, picha zipendeze. Nilikuwa na jora la kijani limekaa dukani muda mrefu, kila mteja analigusa na kuliacha. Nikalikata lote: shati la mume, gauni langu, gauni la wifi yangu, na kigauni cha binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama mkwe naye nikamshonea. Akalipapasa, akatikisa kichwa, akavaa gauni lake la njano la siku zote. Nikanuna. Kiziwi, lakini kwa ubishi hajambo.

Homa ilimziba mama mkwe masikio Chiriku akiwa bado tumboni. Tangu hapo tunazungumza naye kwa mikono, na mambo yetu tunayazungumza mbele yake bila kujificha. Mlango wake tunausukuma tu, tunaingia. Ni Chiriku peke yake anayebisha: ko-ko-ko, anatulia, ko. Tulikuwa tunamcheka. "We mtoto, nani anambishia hodi kiziwi?" Yeye huangalia pembeni, hajibu.

Basi asubuhi hiyo mama mkwe tulimkalisha kiti cha mbele, karibu na mwanawe anayeendesha, apate kuona njia. Wifi yangu ni msusi na hajui kunong'ona. Akaanza huko nyuma:

"Kaka, umeshaongea na wale wa nyumba ya wazee?"

"Tayari. Wiki ijayo tunampeleka. Leo acha afurahi kidogo."

"Atalia."

"Atazoea."

Wakanyamaza, wananingoja mimi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikasema: "Chumba chake nimeshakipima. Cherehani mbili zinaingia, na meza ya kukatia."

Mama mkwe alikuwa anatazama nje. Chiriku, aliyeniegemea begani, alikuwa ameacha kuongea. Nikadhani amesinzia.

Getini askari wa hifadhi alitutazama juu mpaka chini. "Mmevaa rangi ya msitu nyinyi. Shikaneni mikono, na msitoke njiani." Tukacheka. Njia yenyewe ilikuwa utelezi mtupu, mizizi imetoka nje, majani yanadondosha maji ilhali mvua haipo. Mama mkwe alitembea taratibu na fimbo yake, tukimsubiri kila kona. "Mwenda pole hajikwai," wifi alilalamika, "lakini kwa mwendo huu tutalala huku."

Kwenye daraja la mbao tukasimama kupiga picha. Nikawapanga, nikainua simu. Kijani, kijani, njano.

"Chiriku yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?" mume wangu akasema.

"Na mimi? Si alikuwa na shangazi yake!"

"Mimi nilimshika Mama," wifi akasema, na uso wake ukabadilika.

Jamani, roho iliniruka. Niligeuka kutazama njia tuliyotoka, na sikuona kitu. Majani! Kila jani lilikuwa kigauni cha mwanangu. Nilikimbilia kijani cha kwanza, kumbe mgomba pori. Nikakimbilia cha pili, kumbe jiwe lililoota kuvu. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyomficha mtoto wangu, tena ikamshonea na pindo. Niliita mpaka koo likakauka. Mume wangu aliruka bondeni, akapanda, akaruka tena. Wifi alikuwa analia, anaita, anamwomba Mungu, vyote kwa pamoja. Askari wa hifadhi wakaja mbio, wakaita na wao.

Ukungu ukaanza kushuka. Yule askari wa getini akasema kwa sauti ya chini kwamba huko bondeni kuna mashimo, na mvua ikinyesha mlimani maji hujaa ghafla. Mvua ilikuwa inakuja, tulikuwa tunaisikia. Nikakaa kwenye matope.

"Nyamazeni!"

Alikuwa mama mkwe. Tulinyamaza kwa mshangao tu, maana huyu mama anaweza kumaliza siku nzima bila kutoa neno. Alisimama katikati ya daraja, mkono juu, kichwa amekilaza upande. Kisha akasema kwa sauti kubwa, utadhani yuko chumbani kwake:

"Karibu!"

Wifi akanishika mkono. "Mama amechanganyikiwa."

"Anabisha hodi," mama mkwe akasema. "Hamsikii? Kule, kwenye mti ulioanguka. Karibu, mjukuu wangu! Bisha tena!"

Tukasikia. Ko-ko-ko. Kimya. Ko.

Walimkuta kwenye shimo chini ya gogo, mguu umenasa kwenye mizizi, sauti imemwisha kwa kuita, kijiti mkononi. Maji yalikuwa yameshamfika magotini. Walipomleta nilimkumbatia, nikambusu, nikataka kumchapa, nikambusu tena.

"Ulitoka njiani kufanya nini, mwanangu?"

"Namtafutia Bibi chumba," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Wewe umechukua chake."

Baba yake akauliza upesi, "Na kubisha je? Nani alikufundisha?"

"Nyinyi mlikuwa mnapiga kelele. Bibi nikibisha huwa anasikia." Alisema hivyo bila wasiwasi, kana kwamba kila mtu anajua.

Nilimtazama mume wangu, mume wangu akamtazama dada yake, dada yake akatazama viatu vyake. Watu wazima watatu tumepigwa na butwaa, mvua inatunyeshea, hakuna hata anayejifuta.

"Mama," mume wangu akaanza, kwa mikono, kama alivyozoea. Kisha akaishusha. "Mama, tangu lini?"

"Sikio moja lilirudi huyu akiwa anatambaa. Nikatoka chumbani mbio niwape habari njema. Nikakuta mnanizungumzia." Alimfuta mjukuu wake matope usoni kwa ncha ya gauni la njano. "Nikarudi chumbani."

Tukapanda gari kurudi. Chiriku alilala mbele, kwenye mapaja ya bibi yake, mguu umefungwa kitambaa. Nilikuwa nikirudia kichwani kila neno nililowahi kusema mbele ya mama yule, jikoni, sebuleni, mlangoni pake, na kila nililolikumbuka lilileta jingine. Tulipokaribia nyumbani aligeuza kichwa kidogo kunielekea.

"Cherehani uziweke upande wa dirisha," akasema. "Kule mlangoni pana giza, utaumia macho."

Mungu wangu! Angenitukana ningejua la kufanya. Matusi nayaweza.

Jioni nilichemsha chai, nikaweka sukari nyingi anavyopenda, nikaibeba kwenye sinia. Mume wangu alikuwa sebuleni na simu, akiwaambia wale wa nyumba ya wazee kwamba tumeghairi, wampe nafasi mtu mwingine. Nilipofika mlangoni kwa mama mkwe mkono ulikwenda wenyewe kuusukuma. Nikauzuia.

"Hodi, Mama."

Ndani nilimsikia Chiriku akicheka.

"Hodi," nikasema tena.

Kicheko kikakatika. Nilijua wananisikia, wote wawili. Nikasimama pale mpaka chai ikapoa.