Darasa la Chiriku

Katika chama cha wafugaji wanane wa ndege, Mama Daftari ndiye aliyejua nani ni mtoto wa nani. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini, na alipostaafu akauhamishia ukunga wake kwa chiriku. Si chiriku wa kila siku. Hawa walikuwa wa koo la zambarau, ambao porini walikuwa karibu kwisha, na kwenye matundu ya watu walibaki kumi na tisa. Kanuni ya chama ilikuwa moja: ndege si wa mtu, ni wa wote. Ukipata makinda, wawili wanabaki kwako, wengine wanakwenda nyumba nyingine, ili ugonjwa ukiingia kwa mmoja ukoo usikatike.

Lakini mwaka wa pili sasa mayai karibu yote yalikuwa hayana kitu. Mama Daftari aliyamulika kwa tochi, moja moja, akaona uwazi tu. Majike karibu wote hawakutaka hata kukaa tawi moja na madume. Mwoka mikate, mwenyekiti wa chama, alibadilisha chakula, akabadilisha viota, akayapaka matundu rangi upya.

"Labda hawatupendi," alisema.

"Sisi hawana habari na sisi," Mama Daftari akamjibu. "Waume ndio wasiowataka."

Alasiri moja alikuwa akimpeleka jike mmoja kwa mwoka mikate, tundu limefunikwa kitambaa, akapitia kwa Fundi Saa kubadilisha betri ya saa yake. Nyuma ya pazia la duka ndege akaimba: sauti tatu za taratibu, kisha mtiririko mrefu kama shanga zinazomwagwa kwenye sahani. Ndani ya tundu, jike akainuka, akatikisa mkia, akajibu. Mama Daftari alikuwa amemlea miaka mitatu na hakuwahi kumsikia akimjibu dume yeyote.

"Huyo ndiye wa marehemu?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Fundi Saa bila kuondoa lenzi jichoni.

Wote wawili walijua kilicho kati yao. Fundi Saa na mkewe walikuwa wanachama. Mkewe alipofariki, wiki ileile chama kikatuma watu wawili kumwomba awape yule ndege, eti asije akasahaulika katika msiba. Mmoja wa hao wawili alikuwa Mama Daftari. Fundi Saa aliwafungia mlango, na kwa miaka minne hakukanyaga tena kwenye chama.

"Shemeji," Mama Daftari alisema, kwa kuwa yeye na marehemu walikuwa kama ndugu wa toka nitoke. "Siku ile nilikosea. Hata viti vya waombolezaji vilikuwa havijarudishwa. Nimekaa na neno hili miaka minne. Nisamehe."

Fundi Saa alivua lenzi. "Umekuja kwa betri au kwa ndege?"

"Kwa betri. Ndege nimemkuta."

"Haondoki hapa."

"Asiondoke. Naomba nimletee wanafunzi."

Akamweleza kile alichokuwa amekielewa dakika ileile. Miaka ya nyuma, mayai yalipokuwa yakitelekezwa, chama kilikuwa kikiyaweka chini ya chiriku wa kawaida, wenye tabia ya kulea kila kitu. Wazazi hao wa kambo waliwalea vizuri. Makinda wakanenepa, wakapata rangi. Lakini chiriku dume hujifunza wimbo kwa kumsikiliza baba, na akishakomaa hajifunzi tena. Madume wote wa chama walikuwa wanaimba lugha ya baba wa kambo, na majike walikuwa wanasikia mgeni. Dume mzee wa mwoka mikate, wa mwisho katika chama mwenye wimbo halali na pekee aliyekubaliwa na jike, alikuwa amekufa juzi, akaacha watoto wanne wa kiume waliotoka kiotani majuzi tu. Zilibaki wiki sita hivi kabla vichwa vyao havijafunga.

Fundi Saa alisema atafikiri. Siku ya tatu, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya mikate, aliingia akasimama mbele ya mwenyekiti. "Nipe watoto," alisema.

Aliyapanga matundu manne ukutani, mkabala na yule ndege mzee wa marehemu. Mzee mwenyewe alikuwa na jicho moja lenye ukungu, lakini kila asubuhi aliimba, na vijana wakainamisha vichwa kumsikiliza. Wiki ya pili mmoja wao akafungua mdomo, akagonga saa nne kamili. Alikuwa amejifunza kwa saa kubwa ya ukutani.

Fundi Saa alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kisha akasimama, akazisimamisha saa zote dukani, ishirini na tatu, moja baada ya nyingine. Zile alizokuwa akizijaribu alizipeleka jikoni na kufunga mlango. Mteja mmoja akamuuliza kama anafunga duka.

"Hapana," alisema. "Kuna shule."

Mtu aliyeishi na tiki-tiki maisha yake yote alikaa katika ukimya wiki nne zilizobaki. Mama Daftari alipokwenda kukagua, alimkuta kwenye kigoda karibu na matundu, mikono mapajani.

"Nilikuwa namlisha tu," Fundi Saa alimwambia. "Nilimweka nyuma ya pazia ili nisimsikie. Miaka minne, shemeji."

Mama Daftari alivuta kiti, wakasikiliza wote.

Wawili waliupata wimbo wote, wa tatu nusu, wa nne akabaki na saa yake. Walipokomaa, Mama Daftari akachagua wachumba kwa daftari mkononi, asije mtu akaozwa mama yake. Baada ya mwezi alimulika mayai matano, na katika manne akaona mishipa myekundu imesambaa kama mizizi. Aliita watu wa duka zima la mikate waje waone.

Ndege mzee alikufa kabla makinda hawajatoka. Fundi Saa alikuja mwenyewe kwenye mkutano wa chama kutoa taarifa, na akaleta karatasi alizoandika kila asubuhi: mzee ameimba dakika ngapi, nani amejibu, nani amekosea wapi. Karatasi zilizunguka meza polepole. Mwanachama mmoja, mwalimu wa udereva ambaye kazi yake ni kufokea watu, alizisoma zote, akamrudishia kwa mikono miwili.

Makinda walipojua kuimba, wanachama wakataka wale wawili waliopaswa kuhamia nyumba nyingine waende kwa Fundi Saa. Alikataa. Kulikuwa na mwalimu wa shule, mwanachama mpya wa mji wa mbali, mwenye majike wawili na matundu matupu.

"Huko ndiko kunakohitaji," alisema.

Akawapeleka mwenyewe, safari ya saa tano, tundu mapajani. Alikaa kwa yule mwalimu siku mbili, mpaka ndege walipoanza kula.